Simu Katika Mkutano wa Madaktari

Hapa shuleni ukishikwa na simu unatumwa nyumbani ukamlete mzazi. Kwa hivyo sikuamini mjomba aliponiambia kuwa madaktari mabingwa wakikutana ukumbini, wengi wao huinamia simu. Ati hawachezi, wako kazini!

Mjomba ni tabibu katika kituo kimoja cha afya huku kwetu. Nauli ya kwenda Marekani hana, na hata angekuwa nayo, foleni ile ya wagonjwa angemwachia nani? Hata hivyo, kila Juni Chama cha Kisukari cha Marekani, ADA, kinapofanya mkutano wake mkuu, yeye huufuata akiwa sebuleni. Daktari aliye ukumbini huandika alilolisikia, pengine hupiga picha ya slaidi iliyo ukutani, kisha huongeza heshitegi, yaani alama ya # na jina la mkutano. Heshitegi hiyo ni kama kengele ya shule: waifuatao wote hukusanyika pahali pamoja, awe Chicago au Kakamega. Mwenye swali huuliza, mbishi naye hubisha papo hapo.

Mwaka wa 2017, mkutano ulipokuwa San Diego, ADA ilikuwa imekataza picha za slaidi. Walioziweka kwenye Twitter (mtandao ambao tangu Julai 2023 unaitwa X) wakaombwa wazifute. Basi moto ukawaka! Sababu ya ADA haikuwa ya kipuzi, kwani matokeo ambayo hayajachapishwa ni jasho la watafiti. Lakini mbona aliyeketi ukumbini aliiona slaidi vizuri tu? Aliyefungiwa mlango ni mjomba. Mimi nafurahi kwamba mwaka uliofuata kanuni ililegezwa, picha zikaruhusiwa isipokuwa pale msemaji anapokataa.

Hata hivyo, kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika mkutano uo huo wa San Diego, tarehe 12 Juni, yalisomwa matokeo ya utafiti ulioitwa CANVAS, kuhusu dawa ya kanagliflozini. Wagonjwa walikuwa 10,142, wote wa kisukari cha aina ya pili. Kwa kila wagonjwa 1,000 kwa mwaka, visa vya mshtuko wa moyo, kiharusi, au kifo cha maradhi ya moyo na mishipa vilikuwa 26.9 kwa waliomeza dawa, na 31.5 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Habari njema, sivyo? Sasa tazama slaidi nyingine: waliokatwa kidole cha mguu, wayo au mguu wenyewe walikuwa 6.3 dhidi ya 3.4.

Wakati huo ujumbe wa Twitter ulikuwa na nafasi ya herufi 140 tu; zilifika 280 Novemba mwaka huo. Moyo na mguu vingeenea vipi humo? Anayetuma picha ya moyo peke yake hajasema uongo, lakini mgonjwa anavyo vyote viwili, jamani! Tena picha haijui kujisahihisha. Huko Marekani onyo kali kuhusu kukatwa miguu liliwekwa kwenye dawa hiyo Mei 2017, likapunguzwa ukali Agosti 2020 baada ya kuonekana kwamba hatari ipo, ila ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa. Anayeiona picha ya zamani leo hataambiwa hayo na picha.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo kwa sababu nyanya yangu ana sukari. Anameza metformini. Mwaka jana alipata kidonda kisiginoni, na mimi ndiye niliyekiosha kila jioni nikitoka shule, miezi mitatu mizima. Kwangu mguu si nambari ya slaidi.

Mjomba naye, hata aone slaidi tamu namna gani, habadilishi dawa ya mamake usiku huo. Huitafuta makala kamili, akaisoma mpaka kwenye jedwali la madhara, huku akipiga miayo. Nyanya hana haja na jedwali. Akimwona mwanawe ameinamia simu mwezi wa Juni, yeye huuliza tu, "Hao wenzako wamesemaje kuhusu ugali?"