Gari Kuukuu na Barabara Mpya

Ikiwa nyumbani kwako mna gari lililokula chumvi nyingi, hapana shaka umekwisha kuulizwa swali ninaloulizwa mimi tangu lami ilipofika Ifakara: kwa nini usiliuze, ukanunua jingine? Jirani huuliza kwa utani. Watoto huuliza kwa haya ya kushushwa mbele ya wenzao kutoka ndani ya mkweche. Mke wangu huuliza akiwa na daftari la matumizi mkononi, na hilo lake ndilo linalostahili kujibiwa kwa makini.

Gari lenyewe ni Land Rover 110 ya dizeli, niliyoinunua mnadani mwaka 2004 ikiwa imekwisha kuwatumikia wengine miaka minane. Siku hizo, katika bonde hili la Kilombero, mtu hakukaa akajadili aina ya gari. Njia ya kutoka Kidatu ilikuwa ya udongo, ikipita chini ya milima ya Udzungwa, na masika yalipoingia magari madogo yalisimama mpaka jua lirudi, au watu wakaenda zao kwa treni ya TAZARA. Kwenda Mahenge au Malinyi kulikuwa na kivuko. Ukifika jioni na maji yamejaa, ulilala ukingoni pamoja na mbu. Januari 2016 kivuko kilipinduka na kuzama kikiwa na abiria na magari, na watu wa huku hawajasahau. Daraja la mita 384 likafunguliwa mwaka 2018, kisha lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, ikazinduliwa Agosti 2024. Leo hii vigari ambavyo zamani hatukuviona ila Morogoro mjini vinateleza hadi mlangoni kwa wenyewe, vikiwa safi. Kwa hiyo anayeniuliza swali lile ana haki. Gari langu lilinunuliwa kwa ajili ya barabara ambayo haipo tena.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sawa, lakini hawakutuambia mbacha ukitoboka kiasi gani ndipo uutupe.

Tuangalie basi daftari la mama. Katika mwaka mmoja gari limekula klachi, pampu ya maji, tairi mbili na springi ya nyuma, ambayo ilibidi iagizwe Gerezani, Dar es Salaam, ikaja na basi. Linakwenda kilomita nane kwa lita moja ya dizeli, hali kigari cha jirani hakipungui kumi na nne kwa lita ya petroli. Zamani tulilipia leseni ya gari kila mwaka hata kama limewekwa juu ya mawe. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliifuta ada hiyo, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kila lita. Ndiyo kusema gari lililolala halidaiwi kitu, lakini lenye kiu hulipa kila linapokunywa. Juu ya hayo, injini imeanza kula oili. Fundi anataka kuifungua yote abadili ringi na beringi, na fedha alizozitaja zinakaribia sana zile anazohitaji binti yetu wa kwanza, ambaye mwaka huu amechaguliwa kujiunga na chuo. Hapo ndipo porojo zilipokwisha barazani kwetu.

Njia ya pili ilikuwa kukopa, kukatwa mshahara miaka mitatu, na kuagiza kigari kilichotumika kutoka Japani. Nakuomba msomaji usome matangazo hayo polepole. Bei iandikwayo pale aghalabu ni ya gari likiwa bado ng'ambo. Likitia nanga Dar es Salaam linangojewa na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Sheria za kodi za miaka ya karibuni zimeweka pia ushuru wa uchakavu kwa magari madogo ya abiria: asilimia 15 kwa lenye umri wa miaka minane hadi kumi, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka kumi. Na yale yaliyo ndani ya uwezo wa mfanyakazi wa kawaida, mara nyingi, ndiyo hayo yaliyozidi kumi. Basi mtu anakimbia gari kuukuu, anakopa, na anachonunua ni gari kuukuu jingine, tofauti ikiwa kwamba maradhi ya lile la kwanza aliyajua.

Pamoja na hayo sikutaka kulitetea gari langu kwa mapenzi tu. Wenye umri kama wangu tulijifunza tabia ya kufufua magari mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mafuta yalipokuwa haba hata magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili alasiri, na spea ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Wakati ule tulitengeneza kwa kuwa hapakuwa na lingine la kufanya. Sasa lipo, na mtu anapaswa kupima.

Nikamwambia fundi asiiguse injini kwanza, aingie chini ya gari na nyundo. Nitakueleza sababu. Land Rover zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo bodi zikafanywa za aluminiamu. Aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma, na kwa sababu hiyo gari la miaka thelathini huweza kupakwa rangi likamdanganya mnunuzi. Lakini chesisi ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani. Tope jeusi la bonde hili huingia humo, likakaa na unyevu wake mwaka mzima, likitafuna pasipo mtu kuona. Injini hubadilishwa, na boksi la gia vilevile. Chesisi ndiyo uti wa mgongo. Ikioza, yote mengine hayana pa kushikilia.

Fundi aligonga kwa muda karibu wa saa nzima, kuanzia mbele. Palipo pazima palilia mlio mkavu wa kengele. Palipooza palitoa sauti ya debe. Alipata sehemu mbili: chuma cha nyuma kinachokingama, na mkono mmoja wa kubebea bodi upande wa kushoto. Zote mbili hukatwa zikaungwa kwa chuma kipya. Zile boriti mbili ndefu ni nzima. Lau zingalilia debe, ningaliliuza kwa spea siku ileile, wala nisingeandika makala haya.

Yupo mwingine wa kufikiriwa. Shamba letu la mpunga liko ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, na ukiiacha barabara kuu ni tope la kufika magotini hadi mwezi Mei. Kigari cha jirani hakifiki. Na kila masika gari hili limewahi kubeba wagonjwa wa huko hadi Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, wengine wakiwa wajawazito walioshikwa na uchungu usiku, mvua ikinyesha, ambao huwezi kuwapakia kwenye bodaboda ukalala usingizi. Aliyenikumbusha hayo ni mke wangu mwenyewe, mwenye daftari. Alisema hakupata safu ya kuyaandika.

Ila naye alikuwa na hesabu nyingine. Katika kila safari kumi za gari, saba zilikuwa za humu mjini: sokoni, kanisani, kazini. Ifakara ni tambarare kama sinia, na baiskeli ndiyo sifa yake tangu zamani. Nyumba ikipata gari huona haya kupanda baiskeli, jambo ambalo sijapata kulielewa.

Tumekata shauri hivi. Chesisi inaungwa wiki hii na breki zinarekebishwa, kwa maana hayo hayangoji. Injini itangoja, nitapima oili kabla ya kila safari na kuongeza. Gari litakwenda shambani na kubeba wagonjwa, basi. Mjini ni baiskeli, mimi wa kwanza. Binti ataondoka na sanduku lake kwa basi, ada ikiwa imelipwa. Yupo kijana kutoka Malinyi, huko ambako lami haijafika, anayelitaka gari kwa kubebea abiria na magunia, na bei yake si mbaya. Nimemwomba aje Juni, tukishavuna, nasi tutalifungua daftari upya. Amekubali, ila ameniambia kwamba siku hiyo atakuja na nyundo yake mwenyewe.