Nyumba Nyuma ya Bibi Harusi

Studio yangu ipo Mombo, wanaposhukia wanaokwenda Soni na Lushoto. Kilichonilisha ni paspoti saizi na harusi. Nyumba sikuzipiga, nani angelipia picha ya ukuta?

Siku moja akaja kijana ambaye familia yake ilikuwa imebomoa baraza la nyumba yao ya zamani, na sasa inajuta. "Shikamoo mzee. Huna picha yoyote ya kwetu?" Nilipekua maboksi ya negativu siku mbili. Nikaipata: harusi ya shangazi yake, na nyuma ya maharusi baraza lote, nguzo, boriti, hata kenchi chini ya mabati. Fundi mwashi akahesabu safu za matofali kwenye nguzo, akapima tofali moja lililosalia pamoja na udongo wake, akazidisha. Urefu ukapatikana. Nguzo ya nne ilifichwa na shela. Msingi wake akaukisia.

Tangu hapo natazama picha za kale kwa jicho la fundi. Picha ya kamera ya zamani zaidi iliyobaki, ya Niépce wa Ufaransa, ya 1826 au 1827, ni ya mapaa. Ilihitaji mwanga wa saa nyingi, na nyumba haichoki kusimama. Mwaka 1851 serikali ya Ufaransa ikatuma wapiga picha watano kurekodi majengo ya kale kabla ya ukarabati.

Reli kutoka Tanga ilifika kwetu 1905. Enzi hizo mpiga picha Mjerumani, Walther Dobbertin, alizunguka nchi hii na kamera ya mabamba ya kioo. Picha zake zinatunzwa na hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani, nyingi zimo kwenye intaneti. Unguja nako, picha za kabla ya mizinga ya Waingereza ya 27 Agosti 1896 zinaonyesha mnara ukisimama peke yake mbele ya jumba la Beit al-Ajaib. Mnara tunaoujua sisi ulijengwa baadaye, ukashikana na jumba. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka 25 Desemba 2020. Anayetaka kujua sura yake ya kwanza hana budi kuanzia kwenye picha hizo.

Ndugu msomaji, kabla hujaezua nyumba ya wazee, ipige picha, hata kwa simu. Simama uso kwa uso na ukuta, watu wakae kando, egemeza mlangoni ufito wa mita moja. Kisha andika mtaa na tarehe.