Kulia ya Nani?

Kabla ya kuingia ziwani nilikuwa dereva wa Fuso, nikipakia pamba na mahindi kati ya Sengerema na Mwanza, na mikono yangu ilijua sheria moja tu: zungusha usukani kulia, gari linakwenda kulia. Kwenye boti yenye injini ya nyuma sheria hiyo inapinduka. Sukuma mkono wa injini kulia, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kushoto. Watu wa pwani, ambao neno lao usukani lilitoka kwa Waarabu, huuita mkono wa namna hiyo kwenye jahazi kana, na tabia yake ni ileile. Mikono yangu ilizoea upesi. Kilichochelewa ni ulimi.

Alfajiri boti za dagaa zinapoingia Mwaloni, Kirumba, hubanana hasa. Aliyeko nyuma kwenye injini haoni zaidi ya magunia, kwa hiyo wa mbele humwongoza kwa kelele: "Kulia! Kulia!" Na mara nyingi anapiga kelele huku amegeuka kukutazama, yaani kulia yake ni kushoto kwako. Mzee wa Ukerewe aliyenifundisha kazi hakulitumia neno hilo kabisa. Alisema "Tupe Bismarck," akimaanisha lile jiwe la ziwani, au "Tupe Saanane," kile kisiwa. Nilidhani ni mbwembwe za kizee, nikamwuliza sababu.

"Mwanangu," akasema, "kulia ya nani?"

Nilimwelewa nusu tu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220, na baada ya hapo nikaona nisiendelee kubeba watu kwa mazoea. Nikaenda kwenye mafunzo ya manahodha wa vyombo vidogo. Huko ndiko nilikosikia kwamba swali la mzee liliwasumbua Wazungu karne kadhaa. Jibu lao lilikuwa kuupa kila ubavu wa chombo jina lake. Kasia lao la kuongozea lilifungwa ubavuni, upande wa kulia, na ndiyo maana kwa Kiingereza jina la upande huo lilianza kwa maana ya upande wa usukani. Gatini waliegesha ubavu wa kushoto ili kasia lisivunjike. Majina ya pande hizo mbili yalikaribiana mno kwa sauti, hata mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru jina la kushoto libadilishwe.

Amri nazo zilifuata kana, si omo. Usiku ule wa Titanic, Aprili 1912, ofisa wa zamu aliagiza kulia, na meli ikageukia kushoto, kama alivyotaka. Uingereza iliacha mtindo huo mwaka 1933. Miaka yote hiyo!

Ndege zimerithi baadhi ya mambo haya ya meli. Hata rubani wetu alikuwa mtu wa majini kwanza: aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498 alikuwa rubani, bila bawa hata moja. Na taa ni zilezile za meli, kijani kulia, nyekundu kushoto. Ndege ikipita juu ya ziwa usiku kuelekea Ilemela, ukiona nyekundu peke yake, jua unatazama ubavu wake wa kushoto na inaelekea kushoto kwako. Nilikuwa nikiziona taa hizo tangu utoto, nikidhani ni mapambo.

Niliporudi nilipaka boti yangu rangi kwa ndani, ubavu wa kulia kijani, wa kushoto nyekundu. Wa mbele hatamki tena kulia wala kushoto. Anataja rangi ya ubavu ambako omo inatakiwa iende, hata akiwa amenigeukia. Siku hizi vijana hawasemi hata rangi. Wanapiga kelele jina la timu ya rangi hiyo, "Yanga!" au "Simba!" nami nageuza. Kuna mmoja tu, Simba damu, anayekataa katakata kulitaja jina la ubavu wa kulia. Yeye husema "Watani!" na boti inakwenda kulia vilevile.