Seli za Nani

Kwetu Hombolo hakuna anayepanda mzabibu kwa mbegu. Baba hukata tawi lenye macho matatu au manne, akalichomeka kwenye kifuko cha udongo, na baada ya wiki kadhaa lina mizizi. Kwa hiyo alipotaka kujua ninasomea nini hasa kwenye shahada ya uzamili, nilianzia kwenye tawi. Nilimwambia mwili wa binadamu hauko hivyo: seli ikishakuwa ya ngozi, imekuwa ya ngozi. Ndivyo walivyodhani wengi mpaka mwaka 2006, Shinya Yamanaka wa Japani alipoingiza jeni nne kwenye seli za panya zilizokwisha kukomaa, zikarudi utotoni. Mwaka 2007 zikarudi za binadamu pia. Seli iliyorudi hivyo ni seli shina. Unaweza kuilea iwe ya moyo, ya neva au ya damu.

Baba alisikiliza, kisha akauliza kama ndiyo dawa ya mdogo wangu.

Mdogo wangu aliugua saratani ya damu akiwa kidato cha pili. Alitibiwa Dar es Salaam kwa dawa za kemikali, na kwa sasa damu yake ni safi. Huenda kliniki kwa treni ya umeme, ile iliyoanza 2024, na hurudi na hadithi za abiria. Lakini daktari alishatuambia kwamba ugonjwa ukirudi, litakuja suala la kupandikizwa uloto. Tulipimwa ndugu watatu. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana na mgonjwa kwa alama za tishu. Hakuna aliyefanana. Nilipiga hesabu usiku ule, maana hesabu hunituliza: uwezekano wa watatu wote kukosa ni kama asilimia 42. Hatukuwa na mkosi wa ajabu. Ilikuwa karibu sawa na kurusha shilingi.

Upandikizaji wa uloto hauko mbali na sisi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani kabisa na chuo chetu, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Kwenye saratani ya damu, uloto wa mtu mwingine hufanya kazi ya ziada ambayo wengi hawaijui: chembe za kinga za aliyechangia huzitambua seli za saratani zilizobaki na kuziua. Hapo ndipo wazo lote lilipotoka. Kama kinachoua ni chembe za kinga, kwa nini tusizitengeneze zenyewe?

Njia ya kwanza iliyofanikiwa ni kuchukua chembe za mgonjwa mwenyewe, kuzibadili maabara na kumrudishia. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2017, kwa dola 475,000. Ni zaidi ya shilingi bilioni moja, kwa mtu mmoja. Sikumtajia Baba.

Njia ninayoiandikia tasnifu ni nyingine. (Tasnifu ni ya mapitio ya machapisho; maabara ya kukuza seli hizi sina.) Unachukua ukoo mmoja wa seli shina, unaulea wiki kwa wiki kwa joto la nyuzi 37, ukibadilisha protini kwa mpangilio, mpaka upate chembe zinazoitwa seli uaji asilia. Faida yake ni kwamba, tofauti na chembe nyingine za kinga, hizi kwa kawaida haziushambulii mwili wa mwenyeji hata zikitoka kwa mtu asiyefanana naye. Ukoo mmoja unaweza kuzalisha dozi nyingi, zikagandishwa, zikamsubiri mgonjwa. Majaribio kwa wagonjwa yalianza Marekani mwaka 2019. Kikwazo kikubwa ni kwamba hazidumu: mwili wa mpokeaji huzifukuza mapema, na saratani hurudi.

Likizo iliyopita nilimweleza mdogo wangu haya tukiwa tunafunga matawi kwenye waya. Aliuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza.

"Dada, hizo seli za kwanza kabisa ni za nani?"

Nilimwambia Wajapani wamejiwekea benki ya seli shina, wakachagua wachangiaji wachache wenye alama zinazolingana na Wajapani wengi. Afrika ndiko alama hizi zinakotofautiana zaidi duniani, na Waafrika ndio wachache zaidi kwenye orodha za wachangiaji. Uchache ule wa Wajapani usingetutosha. Kwa seli uaji tungeweza kuazima za wengine, lakini zikifukuzwa mapema, suala la kufanana linarudi palepale.

"Za Wagogo hakuna?"

"Sijawahi kukutana nazo."

Alifunga tawi moja, akakata kamba kwa meno. "Zangu hazifai, zimeshaugua. Chukueni zako."

Kitaalamu inawezekana, mirija michache ya damu inatosha kuanzia. Nimeanza kuandika pendekezo la utafiti, na kwa sasa nimekwama kwenye ukurasa wa bajeti, mstari wa nitrojeni ya kimiminika: nyuzi 196 chini ya sifuri, mwaka mzima, na huku kwetu Oktoba joto halina huruma.