Mtamba wa Rungwe, karatasi za Iringa: msaada unaozaa

Anayeshuka kwenye basi Tukuyu asubuhi hupokewa na ukungu wa Mlima Rungwe na pikipiki zilizofungwa madumu ya maziwa. Kandokando ya barabara ni migomba na mashamba ya chai. Nyuma ya nyumba nyingi kuna banda la mbao lenye ng'ombe mmoja au wawili, na rundo la majani ya kukata. “Ugonile,” husalimia mama aliyebeba ndoo. Hapa maziwa ni uji wa mtoto, ni sabuni, ni daftari.

Wanyakyusa ni wafugaji tangu enzi, ila ng'ombe wa asili hutoa maziwa machache. Ng'ombe wa kisasa hawakufika kwa siku moja. Kwa miaka mingi Uswisi ilifadhili mradi wa maziwa katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kituo cha Uyole kikafanya utafiti wa mifugo na malisho, na shirika la Heifer International likaleta utaratibu ambao wenyeji wanauita “kopa ng'ombe, lipa ng'ombe”.

Wazo hilo lina historia yake. Mmarekani Dan West aliwagawia maziwa watoto wenye njaa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania, katika miaka ya 1930. Kikombe kikiisha, mtoto alirudi kupanga foleni. West akajiuliza kwa nini familia isipewe ng'ombe badala ya kikombe. Mwaka 1944 mitamba 17 ya kwanza ilisafirishwa kwenda Puerto Rico.

Masharti yake mzazi yeyote atayaelewa. Kabla ya kupewa mtamba, familia hujifunza kufuga, hujenga banda na hupanda majani. Mtamba akizaa ndama jike, ndama huyo hakai. Akishakua hukabidhiwa familia nyingine, nayo hivyo hivyo.

Ugumu upo hapo. Watoto wamemlisha ndama yule, pengine wamempa jina, na siku ya kumtoa machozi hayakosi. Mama naye anajua kwamba angemuuza angepata ada ya muhula mzima. Lakini kule anakopelekwa kuna mama mwingine anayesubiri, kama yeye alivyosubiri. Aliyepokea jana leo anatoa, tena mbele ya majirani. Heshima hiyo gunia la unga wa msaada haliwezi kuileta.

Si kwamba mambo yote ni rahisi. Ng'ombe huugua, madume huzaliwa mfululizo, na masika barabara za vijijini zikigeuka tope maziwa huchachuka kabla ya kufika sokoni. Ndiyo maana vikundi vya wafugaji na vituo vya kukusanyia maziwa vina thamani sawa na ng'ombe mwenyewe. Bila mnunuzi, maziwa mengi ni hasara nyingi.

Kuelekea Iringa

Kutoka Mbeya basi hupita Uyole, Igawa, Makambako na Mafinga, kilometa zaidi ya 300, hadi mji wa Iringa juu ya kilima, ambako salamu ni “kamwene”.

Hapa kuna Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, na msanii Mwingereza Susie Hart. Ilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye zikaja kazi za kufuma, kushona na shanga, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja huandika anachotaka kwenye karatasi, au hujaribu ishara alizoelekezwa. Mgeni akikosea ishara wote hucheka, na kwa dakika chache yeye ndiye asiyejua lugha ya pale.

Kwa mzazi, somo linauma kidogo. Bado kuna nyumba ambako mtoto mwenye ulemavu hufichwa chumbani wageni wakifika. Si kila mara ni ukatili, mara nyingi ni aibu, na hofu ya kuulizwa, “Huyu atakuwa nani?” Kijana anayeshika mshahara wake, akapanga chumba na kuwatumia wazazi hela ya mbolea, amelijibu swali hilo bila hotuba.

Hapa pia pana udhaifu. Biashara inayotegemea wageni hutikisika wageni wasipokuja, kama ilivyoonekana nchini kote mwaka 2020 wakati wa corona. Kujitegemea kunahitaji kulindwa kila siku, kama ng'ombe anavyohitaji majani kila siku.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba fedha za nje haziwezi kuwa msingi wa maendeleo. Rungwe na Iringa zinaonyesha kwamba msaada wa nje unaweza kufaa ukija kwa subira, ukamfundisha mtu, kisha ukamwachia usukani.

Familia itakayopita njia hii likizo ijayo isimamishe safari Tukuyu, watoto waonje maziwa ya mgando, na Iringa wajifunze ishara ya “asante”. Kisha mzazi awaulize: mtamba ungekuwa wenu, mngempa nani ndama wa kwanza?