Chupa ya Nusu Lita

Mwaka 2006 mvua zilikuwa zimekataa, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, na mgao wa umeme ukatufikia Iringa hadi ndani ya wodi ya watoto. Nilikuwa muuguzi kijana. Mwezi wa Juni na Julai baridi ilipokaza, na watu wakiota moto wa kuni milango imefungwa, zamu ya usiku ilikuwa zamu ya pumu.

Nebulaiza tulikuwa nayo moja, wazazi wakiiita mashine ya moshi. Husukuma hewa kwa nguvu kwenye kitundu chembamba, na hewa hiyo huipasua dawa ya salbutamoli ikawa ukungu mwepesi wa kufika ndani kabisa ya mapafu. Baada ya dakika 10 hivi, mbavu zilizokuwa zikibonyea kwa kila pumzi huanza kutulia. Niliipenda mashine ile kwa sababu nilimwona mtoto aliyeshindwa kutamka neno akimwita mama yake.

Lakini umeme ukikatika, nayo ilizima. Dizeli ya jenereta ilitunzwa kwa ajili ya upasuaji.

Usiku mmoja ilizima mtoto wa kiume akiwa bado amebanwa vibaya. “Sista, mbona imenyamaza?” mama yake akauliza. Muuguzi mkuu wa zamu alikwishalifikia kabati. Akatoa chupa ya maji ya nusu lita, kitako kimetobolewa kwa waya wa moto, tundu la kuenea mdomo wa inhela barabara. “Mpakate, mama, akae wima.” Akachomeka inhela yenye dawa ileile, akaminya mara moja, mtoto akavuta pumzi nne tano kwenye chupa, akaminya tena. Katikati tulimrudishia oksijeni ya mtungi. Alfajiri aliomba uji.

Haikuwa bahati. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walikwishaonyesha, katika jarida la Lancet, kwamba chupa kama hiyo huwafungua kifua watoto wenye pumu sawa na chombo cha kiwandani.

Mzazi mwenzangu, kama mwanao ana pumu, mwombe daktari inhela na akufundishe kuitumia kwa chupa. Na akishindwa kuongea, au mlio wa kifua ukapotea huku bado anahangaika, mpe dawa mkiwa njiani kwenda hospitali. Usingoje kukuche.