Kupima Stadi ya Mtoto ya Kuvuka Barabara

Kujua kanuni ni jambo moja. Kuweza kuitenda ni jambo jingine. Niwakaguapo wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu hulisikia darasa zima likiitikia: "Kulia, kushoto, kulia tena!" Mwalimu huridhika, akatia alama ya vema. Jioni watoto hao hurejea makwao kandokando ya barabara ya Kahama, Masumbwe, Ushirombo na Runzewe, wapitapo malori yaendayo Rwanda na Burundi. Hapo mtoto hana budi kuamua kama nafasi baina ya lori na lori yamtosha.

Na tupige hesabu. Mtoto atembeaye mita 1 kwa sekunde huvuka barabara ya upana wa mita 7 kwa sekunde 7. Katika muda huo lori liendalo kilomita 50 kwa saa husogea mita 97 hivi. Likienda kilomita 80, husogea mita 156 hivi. Mtoto wa darasa la pili hukadiria haya yote kwa macho tu.

Kumpima katikati ya malori ni kumhatarisha. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, Marekani, walitumia uhalisia pepe, yaani barabara iliyoundwa kwa kompyuta. Mtoto alisimama mbele ya viwambo vitatu, akatazama magari, akashuka ukingoni alipoona nafasi imetosha. Utafiti wao wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwenendo huo ulihusiana na mwenendo wake katika barabara ya kweli.

Shule zetu nyingi hazina mitambo hiyo. Hata hivyo, mwaka 1984 watafiti Lee, Young na McLaughlin walieleza njia nyepesi zaidi: barabara ya kuigiza. Chora kwa chokaa mistari miwili sambamba na barabara, kwa upana ule ule, mbali na lami. Funga kamba imara upande wa barabara, na mtu mzima asimame hapo. Mtoto hutazama magari ya kweli, lakini huvuka mistari ya chokaa na kuishia kwenye kamba. Gari likipita mbele yake kabla hajamaliza, angaligongwa. Akiziacha nafasi nzuri zipite, yeye naye ahitaji mazoezi.

Mpime kila mtoto peke yake, kwani sauti ya darasa zima humficha asiyeweza. Katika andalio la somo, lengo liandikwe kwa kitenzi "kuvuka" badala ya "kutaja", na alama ya vema itolewe baada ya mtoto kuvuka salama mara kadhaa.